Maji Yetu Yalikuwa Safi Mno

Harufu ninayoikumbuka ni ya ngozi ya makayabu ikiungua juu ya makaa. Makayabu ni samaki wa chumvi, yule anayeuzwa amekauka kama ubao, na sisi tuliokulia Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, Kongo, tulimla tangu meno yalipoota. Lakini ngozi hii ninayoisema haikuliwa na mtu. Mama aliibandua kwenye samaki wa mwisho tulionunua, akaitunza ndani ya kopo, na kila jioni, saa ambayo nyumba zote za kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi zinapika, aliitoa, akaiweka juu ya babula, yaani jiko letu la makaa, akaidondoshea mafuta kidogo na kuipepea mpaka moshi utoke dirishani. Harufu ikishatembea vya kutosha, aliichomoa kwa kijiti, akaipuliza, akairudisha kwenye kopo. Sisi watoto tulikaa chini tukiitazama inarudi. Kisha tulikula bukari, ambayo wengine mnaiita ugali, pamoja na matembele ya kuchemsha, na siku nyingine na chumvi peke yake. Mtaa mzima ulijua kwamba kwa mama Kapinga samaki hawakosekani. Kapinga ni mimi. Wa kwanza kujua ukweli alikuwa paka wa jirani. Alikaa dirishani kwetu jioni kadhaa, masikio yamesimama, akingoja mifupa, halafu akachoka akahamia nyumba nyingine. Mama akasema ni bahati yetu paka hajui kusema.

Ninaanza na ngozi hiyo kwa sababu nimekasirika. Mjukuu wangu Mbombo anapenda kunisomea hadithi fupi za kitabu cha shule, na mimi ninapenda kusikiliza, maana nilifika darasa la tano tu na hata hilo sikulimaliza. Sasa katika hadithi hizo, kila maskini ana shati lililochanika, hana viatu, na nyumba yake ni ya nyasi na inavuja. Kila mmoja! Utafikiri wote wameshonewa na fundi mmoja. Nikamwambia Mbombo kwamba mwenye kuandika hivyo ameuona umaskini kwenye picha. Sisi nyumba yetu ilikuwa ya matofali, bati zima, umeme ndani, bomba la maji uani. Mashati yetu yalipigwa pasi. Mbombo akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa, akaniita nkambo, yaani bibi, akasema: "Nkambo, kama muko na umeme, mwenye kusoma atajua namna gani kama muko bamaskini?" Swali zuri. Nimelala nalo siku nyingi, nami nitalijibu hapa kwa njia yangu, ambayo si fupi. Mniwie radhi. Uzee wangu hautokani na miaka, unatokana na mambo.

Babu yangu aliletwa kutoka mkoa wa Kasai, mbali kaskazini, na watu waliokuwa wakitafuta wafanyakazi wa mgodi. Baba alizaliwa Kolwezi. Mimi nilizaliwa Kolwezi. Hiyo Kasai niliijua kama watoto wanavyoijua mbingu, kwa kuambiwa. Baba alikuwa fundi wa mota za umeme katika atelye, yaani karakana, ya kampuni ya mgodi, na kampuni ndiyo iliyotupa nyumba, unga, maziwa ya watoto, hata mpira wa kuchezea. Kisha mgodi ukaanza kufa. Sikuelewa unavyokufa, niliona tu kwamba unga ulichelewa, halafu ukaja nusu, halafu gari la unga likawa jambo la kusimulia. Mishahara nayo ikawa ya kusimulia. Na watu wakihangaika hivyo, wakubwa wakawatafutia wa kumlaumu. Wakasema ni sisi. Sisi tuliokula chakula cha mkoa wa watu. Wakatuita bilulu, wadudu. Watoto niliocheza nao kamba wakajifunza neno hilo kwa wiki moja, na ninawaapia, darasani hawakuwahi kujifunza neno upesi hivyo. Baba akaambiwa asirudi atelye. Mimi nikaambiwa nisirudi shule. Familia za Kikasai zikaanza kutolewa katika nyumba zao na kwenda kukaa stesheni, nje, kungoja treni ya kwenda Kasai ambayo ilikuja ilipotaka.

Baba akaona kwamba nasi tutakwenda tu, lakini hatuwezi kwenda mikono mitupu. Safari ya treni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wakifa njaa ndani ya mabehewa. Akachukua bikwembe vya mama, vitenge vizuri vile ambavyo mwanamke wa kwetu hashoni wala havai, anavikunja sandukuni na karatasi ya dukani bado imebandikwa, ndiyo akiba na heshima yake, akavifunga, akapanda treni ya mizigo kwenda Mutshatsha kubadilisha kwa mahindi. Mutshatsha ni upande wa magharibi, wakulima wapo, makaa yapo. Alimwambia mama jambo moja tu: "Nyumba usiiache mbele nirudi. Ku stesheni sitabaona, bantu ni wengi." Hilo ndilo alilobeba mama msimu ule wote wa mvua. Kuishika nyumba mpaka mume arudi, tuondoke sote pamoja.

Na nyumba ilishikwa kwa uongo. Vijana waliokuwa wakizunguka kambini na fimbo walikuwa na utaratibu wao. Nyumba yenye mwanamume na chakula waliiogopa kidogo, au waliiacha iive kwanza, kwa sababu mwenye kitu anaweza kuwapa kitu. Nyumba iliyokwisha waliiingia mara moja. Kwa hiyo mama akaufanya umaskini wetu ukae ndani kama mgonjwa asiyetakiwa kuonekana. Buti za kazi za baba alizitoa kila asubuhi, akazisugua, akaziweka mlangoni kana kwamba zinakaushwa, na jioni akaziingiza. Aliyeuliza aliambiwa tata, yaani baba, anaumwa mgongo, amelala. Bakuli la sukari la mezani alilitilia kifuniko cha chupa chini, juu yake akamwaga sukari ya mwisho, likaonekana limejaa, na mgeni akija sisi tulikatazwa kuligusa. Tulikunywa chai yetu tukilitazama. Godoro la chumbani liliuzwa kwa mtu wa mbali, likatoka limekunjwa ndani ya gunia la mchicha. Sasa, Mbombo wangu, huyo mwandishi wako akipita barabarani siku hizo angeona nini? Nyumba safi, buti zinang'aa, samaki anaungua. Angeandika kwamba hapa wanaishi watu wenye nafasi. Umaskini wa kweli una aibu, na mwenye aibu huvaa vizuri.

Lakini mama alisahau maji. Nyuma ya jikoni za kambi ulipita mfereji wa saruji, mwembamba, unaoanza nyumba za juu na kushuka kupitia nyumba zote mpaka bondeni. Kila mwanamke alimwaga maji yake ya kuoshea vyombo mlangoni kwake, nayo yakapita kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Ukitaka kujua mwenzako amekula nini, huhitaji kuuliza. Maji ya nyama yana mafuta yanayong'aa rangi rangi. Maji ya maharagwe ni ya kahawia. Maji ya bukari yanabeba makombo meupe. Yetu yalishuka safi. Sufuria ya bukari iliyokwanguliwa, ile ya matembele isiyo na mafuta, na watoto wanaolamba sahani mpaka mwisho, haviachi kitu. Yalishuka safi kama ya bombani, mara mbili kwa siku, yakapita kwanza mlangoni kwa Mama Ngoie.

Huyu Mama Ngoie alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, mtu wa Katanga ya kaskazini, mnene, mwimbaji wa kwaya ya Waprotestanti, mwenye mdomo. Mumewe alikuwa akifanya kazi na baba. Kabla ya fujo, yeye na mama waliazimana chumvi, moto wa makaa, hata watoto. Fujo zilipoanza, akaacha kuja. Aliyeonekana akiingia kwa Mkasai alipigiwa kelele, na mmoja wa mtaa wa pili alichomewa jiko la nje. Mama alielewa, lakini kuelewa hakuzuii kuumia. Halafu siku moja, mchana, tunamwona Mama Ngoie anapanda na beseni la maji machafu, anafika nyuma ya jiko letu, anayamwaga kwenye mfereji wetu, anarudi zake bila kugeuka. Kesho yake tena. Keshokutwa tena.

Lazima nieleze, kwa sababu mtu asiyekulia kambini atasema ni maji tu. Kwetu, kumwaga maji yako mbele ya mlango wa mwingine ni kumwambia yeye ni jalala. Wanawake wamevutana nywele kwa hilo. Wamepelekana kwa mkuu wa kambi. Hata aliyegombana na wewe miaka, hilo halifanyi isipokuwa ameamua vita. Na sasa, katika msimu ambao tunaitwa wadudu barabarani, rafiki wa mama anapanda kila siku na uchafu wake na kutumwagia. Mama alivumilia. Mimi nilimwona anavumilia, anakunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa. Siku ya nne, au ya tano, sijui, hakuvumilia.

Alitoka mbio, akamkuta beseni bado liko mkononi. Akamuuliza kwa sauti ya juu, sauti ambayo sikujua anayo: "Mama Ngoie, tangu lini mulango yangu iko jalala yako?"

Mama Ngoie akamwambia polepole aingie ndani, waongee ndani. Mama akakataa. Akasema yasemwe pale pale, watu wasikie, kwamba kwa sababu sisi ni Bakasai tunamwagiwa uchafu kama nguruwe. Wanawake walikuwa wameshatoka, mikono viunoni, wengine na miiko. Watoto wakapanda ukuta. Mmoja wa nyumba za chini akacheka, akasema leo bilulu wanataka mfereji wao peke yao. Mama akamgeukia huyo naye akamwambia akafunge mdomo wake, meno yake mabovu yananuka kuliko mfereji. Watu wakacheka upande wa mama sasa. Hilo likampa nguvu. Akamrudia Mama Ngoie akamwita mnafiki, anayeimba Jumapili na kumwaga uchafu Jumatatu, mtu aliyekula chumvi yake na leo anamtemea. Nilimwona Mama Ngoie uso unabadilika. Alikuwa amejitahidi kunyamaza, lakini nilishawaambia alikuwa na mdomo, na mnafiki aliitwa mbele ya wanawake anaoimba nao kwaya.

"Bichafu?" alisema. "Angalia muzuri, mama. Ile ni mafuta. Ni mafuta ya mu nyumba yangu naleta. Maji yenu iko safi sawa ya mvua, na bale ba chini banaiangalia kila siku."

Nadhani alitaka kuyarudisha maneno, maana aliweka mkono mdomoni. Kila mtu akatazama mfereji. Kwenye maji yetu palikuwa na mafuta yake, yanang'aa njano na zambarau, yanashuka taratibu kuelekea nyumba za chini ili watu wa huko waseme: kwa mama Kapinga wamekula nyama. Hakuweza kutuletea chakula, wangemwona. Hakuweza kuja kutuambia. Kwa hiyo alituletea uchafu, mchana, mbele ya watu, kwa njia ambayo kila mtu angeiona ni tusi na kumpongeza. Sisi tu ndio tulitakiwa kuelewa, na sisi hatukuelewa. Mama alisimama pale, akatazama maji, akatazama beseni. Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Buti za baba zilibaki nje. Nilizifuata mimi.

Vijana walikuja asubuhi iliyofuata. Waliuliza tata yuko wapi, wakasukuma mlango wa chumba, wakaona kitanda cha chuma kisicho na godoro. Hawakupiga mtu. Ninalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wanafikiri ubaya ni lazima upige. Mmoja wao alikuwa amekula kwetu Krismasi moja. Huyo ndiye aliyetikisa bakuli la sukari, likasikika kifuniko kinagonga, akacheka, akawaonyesha wenzake. Tukaambiwa tutoke kabla ya mchana. Mama aliomba muda wa kufagia. Wakampa, nadhani kwa mshangao, naye akafagia vyumba vyote, hata chini ya kitanda, kwa sababu hakutaka wanaoingia waseme Bakasai waliishi ovyo. Tulipita mlangoni kwa Mama Ngoie na sufuria kichwani. Alikuwa amesimama. Mama hakumtazama.

Stesheni sitaieleza sana. Watu walilala chini ya turubai, kwenye matope, kati ya makabati yao na vyerehani vyao, na watoto walizikwa ng'ambo ya reli. Kila treni iliyotoka magharibi mama alikwenda kusimama karibu, akiita jina la baba mpaka sauti ikakauka. Treni za huko zilikuwa zikiharibika njiani. Yetu ya kwenda Kasai ikafika kwanza. Askari walipakia watu kama walivyowakuta, familia kwa familia, na ukikataa nafasi yako hukuahidiwa nyingine. Mama alikuwa na watoto, mdogo anaharisha. Tukapanda. Tulipopita Tenke, pale reli inapogawanyika, mama alikuwa bado anatazama nyuma.

Hakumwona tena. Katika kijiji cha Kasai ambako walituita watu wa Katanga na kucheka namna tulivyosema Tshiluba, lugha ya huko, mama aliishi miaka kadhaa akiamini kwamba baba alipata mwanamke Mutshatsha na kula bikwembe vyake. Alikufa anaamini hivyo. Alikufa pia anaamini kwamba Mama Ngoie alimwaibisha kusudi, kwamba mafuta yale yaliletwa ili kuucheka umaskini wetu. Mimi nilirudi Kolwezi nikiwa mke wa mtu, muuza maharagwe, na Mama Ngoie nilimkuta hai, mwembamba, mlango ule ule. Ndiye aliyenieleza. Baba alirudi na mahindi yake siku chache baada ya treni yetu kuondoka. Kutoka stesheni hakutazama huku wala huku, alikwenda moja kwa moja nyumbani, kwa sababu alikuwa amesema nyumba isiachwe na alijua mke wake. Akagonga. Akafungua mtu mwingine. Mama Ngoie alimchukua akamlaza jikoni kwake, mchana kweupe, na safari hii hakujali nani anaona. Baba alingoja treni ya kwenda Kasai, homa ikamkuta, dawa hazikuwepo, na wanawake wa kwaya wakamzika. Mahindi yale Mama Ngoie aliyatunza mpaka yakaliwa na wadudu. Alinieleza hayo yote huku ananitazama mikono, akaniuliza swali moja tu, kama mama alijua, mwishoni, yale maji yalikuwa ya nini. Nikasema alijua. Ndiyo, nilidanganya, na nitadanganya tena.

Sasa ninakaa Kasulo, mtaa wa hapa hapa Kolwezi, ambako watu wamechimba kobalti chini ya vyumba vyao vya kulala. Wageni wanakuja na kamera, wanapiga picha mtoto mwenye vumbi usoni, wanaondoka wameridhika. Hawamwoni jirani yangu anayemvalisha mtoto wake sare ya shule siku ya Jumamosi, kwa sababu ni nguo yake pekee. Hawamwoni mwanamke anayeongea na simu iliyozima ili asisalimiwe na muuza unga anayemdai. Ni wale wale sisi, tumejificha kwa ujanja mwingine. Na tofauti ipo, nitaisema, maana nayo inaniudhi. Mwaka uliopita ilisemekana kuna madini chini ya nyumba zile za kambi. Wakaja watu wenye kofia ngumu, wakaandika namba ukutani, wakasema wakazi watahamishwa na kulipwa, jambo ambalo sisi hatukuahidiwa. Nilikwenda kutazama. Mtu aliyetoka mlangoni kwetu, mzee sasa, ni yule yule aliyemfungulia baba. Mama Ngoie alikuwa amenionyesha mtu huyo kitambo. Alibeba godoro, akalitua kupumzika, akaniambia kama unavyomwambia mama yeyote anayepita:

"Ona namna banatutendea, mama. Batoto yangu bote balizaliwa humu. Leo banasema tutoke, sawa bageni."

Nikamuuliza kama amelipwa. Akasema amelipwa, ila kidogo. Wamelipa kuta, wamelipa bati, hata mti wa avoka, yaani parachichi, ule wa nyuma wameulipa, kwa sababu unazaa.

"Avoka ile, tata, ni baba yangu aliipanda."

Alinitazama, na nikaona kwamba ananijua bila kunijua. Hakukana. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Njo unataka nini sasa?"

Nilimwambia sitaki kuta wala bati. Ninataka aniulize huyo baba aliitwa nani. Akatazama upande wa lori lililokuwa linamngoja, akainua godoro lake, akapita.

Aliitwa Mukendi.